Mtu Mnene Akikimbia

Niliondoka Shasha, kando ya ziwa, asubuhi moja kwa sababu mvua ilikuwa imekatika. Sababu nyingine sikuwa nayo. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikibeba magunia ya sambaza, visamaki vikavu vya ziwani, kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki aliyefunga duka kila saa sita ili asali, hata kama mteja amesimama mlangoni. Nilipomuaga alinipandisha juu ya mizani yake ya magunia, akasoma, akafuta kioo kwa kidole, akasoma tena.

"Kaka, wewe njo gunia moja na nusu," akasema. "Na unataka kutembea kwa miguu mu vita hii?"

Nikamjibu kwamba nitatembea polepole.

"Vita haitembeake polepole."

Shule niliiacha kabla haijaniacha, nikiwa mwaka wa tano wa primaire, na tangu hapo barabara ikigawanyika mbili nafuata ile nisiyoijua. Pale Sake, kwenye njia panda, sikujua ile inayopanda Masisi, kwa hiyo nikapanda. Watu hudhani mtembezi lazima awe mwembamba. Kwetu si hivyo. Wajomba zangu walilala njaa wakaamka wanene. Mimi nimetembea tangu utoto, na kila nilipofika kwenye kizuizi, askari waliniita patroni, yaani bosi, wakatazama nyuma yangu kuona kilichonileta.

"Patroni, gari iko wapi?"

"Sina gari, mukubwa."

"Shofere alikukimbia?"

Siku ya nne nilifika kijiji cha Kingi, nikapokelewa na mama mmoja mjane, mkulima wa maharagwe, aliyeimba nyimbo za kanisa tangu alfajiri mpaka jembe linapogusa udongo. Alikuwa na mabinti wawili wadogo. Alinipa chumba cha kuwekea maharagwe, nami nikawa namlimia na kumbebea. Kila nyumba pale ilikuwa na furushi nyuma ya mlango, limefungwa kwa kikwembe, yaani kitenge: sufuria, chumvi, blanketi moja, karatasi za ubatizo za watoto. Mgeni hakuambiwa ni la nini. Alionyeshwa tu asilikanyage.

Wiki ya tatu, mchana, risasi zililia upande wa pili wa bonde. Sikuwahi kuona kijiji kikiondoka kwa utaratibu namna ile. Ndani ya muda wa kuvaa viatu, nyumba zote zilikuwa tupu na watu wako mlimani. Sasa, vilima vya Masisi ni vizuri kwa ng'ombe. Vimefyekwa vyote vikawa majani, na mtu anayetaka kujificha lazima avuke mgongo wa kwanza na wa pili ndipo akute mti. Hatua mia za kwanza nilizikimbia. Zilizobaki nilizipanda kama bibi anayepanda ngazi za kanisa siku ya baridi. Mama mwenye nyumba alikuwa mbele, furushi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, watoto mkononi. Aligeuka, akaniona, akarudi hatua kadhaa akaniita. Alipofika juu akawaweka watoto chini, akarudi tena, safari hii mpaka nilipokuwa, akanisukuma kiunoni kama mtu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyozama kwenye matope.

Kesho yake tulirudi. Hakuna mwenye bunduki aliyekuwa amefika kijijini, na maharagwe yalikuwa bado kwenye ungo. Akaanza kuyapepeta, akasema bila kuniangalia:

"Kaka, mi sina shida na kula yako. Lakini jana nilirudi nyuma mara mbili."

"Nilikuona, Mama."

"Watoto walikuwa wananigoja pale juu peke yao. Ukinirudisha mara ya tatu, wao njo watabakia bila mama."

"Usirudi. Uniache tu."

"Kama ningeweza, ningekuacha ile mara ya kwanza." Akapuliza makapi. "Jifunze kukimbia. Ao utafute nyumba ingine."

Basi nikajifunza kukimbia. Katika nchi ambayo mtoto wa miaka saba amekimbia mara nyingi kuliko mwanariadha, mimi ndiye niliyehitaji mwalimu. Nilimpata kwenye shule ya primaire. Alikuwa mwalimu wa michezo mwenye filimbi lakini bila mpira, mtu mwenye uvumilivu wa ajabu. Aliniamuru nikimbie huku nikihesabu mpaka sitini, kisha nitembee nikihesabu mpaka mia na ishirini, kisha nikimbie tena. Nilimuuliza kwa nini sitini. Kwa nini si hamsini? Mapafu yanafanya nini wakati ule? Kwa nini kinauma kisigino cha kushoto peke yake?

"Unauliza sana juu unataka kupumuzika," akasema. "Kimbia."

Tulifanya mazoezi asubuhi, nyuma ya shule, ukungu ukiwa bado umelala. Nilitumaini ukungu utanificha. Wanawake waliokuwa wakienda shambani waliniona vizuri kabisa.

"Patroni! Tumbo iko ya kwanza, wewe uko ya pili!"

"Mumuache, mama. Anafukuza kivuli yake."

"Hapana, kivuli njo inamufukuza!"

Nilikuwa nawapungia mkono, kwa kuwa kujibu kulihitaji pumzi. Wiki ya kwanza nilihesabu mpaka sitini mara mbili nikalala chini. Wiki ya tatu nilikimbia kutoka shuleni mpaka kwenye mikaratusi na kurudi bila kutembea. Viatu vilipasuka kabla yangu, na hilo nililihesabu kama ushindi. Asubuhi moja mama mwenye nyumba aliniwekea kiazi cha moto juu ya furushi, mahali nisipoweza kukikosa.

Mavuno yalipokwisha, na milima ikiwa imenyamaza kwa muda, mwalimu aliandaa mashindano ya siku ya shukrani. Watu wangekimbia kutoka shuleni, kupitia kando ya soko, mpaka mlangoni mwa kanisa. Zilikuwa kilomita mbili, kwa kukadiria. Zawadi ilikuwa jogoo. Aliandika jina langu bila kuniuliza.

"Lazima mutu wa mwisho apatikane," akanieleza. "Bila yeye hatutajua kama mashindano imeisha."

Mama mwenye nyumba alisikia, akasema atakuwepo mlangoni mwa kanisa. Alitaka kuona kwa macho yake. Sikuhitaji kuuliza ataona nini. Kama ningefika nikiwa nakimbia, ningebaki na chumba changu cha maharagwe, na yeye angekuwa na mpangaji asiyehitaji kurudiwa. Sijawahi kufanya mtihani wa shule wenye swali fupi namna hiyo.

Tulikuwa kumi na watano. Tulibandikwa karatasi za namba kifuani kwa miiba. Filimbi ikalia, na wale kumi na wanne wakaondoka kama maji yaliyomwagwa. Mimi nikaanza kuhesabu. Sitini, nikaongeza sitini nyingine. Mtaa wa kwanza watoto walinipigia makofi. Wa pili walinipigia makofi pia, lakini walikuwa walewale, wamenizunguka wakaja kunisubiri mbele. Jasho liliilowesha karatasi yangu, ikang'oka, nikaiacha iende. Nilikuwa nakimbia. Polepole, ndiyo, lakini miguu yote miwili ilikuwa ikiacha ardhi kwa wakati mmoja, na mwalimu alikuwa ameniambia hiyo ndiyo tofauti pekee.

Nilipofika sokoni, wenzangu walikuwa wamepita zamani. Ilikuwa siku ya soko kubwa, na wauzaji wengi walitoka vilima vingine, wasijue habari ya jogoo wala ya shukrani. Vijana kumi na wanne walipopita mbio, wauzaji waliinua macho wakayashusha. Kisha wakaniona mimi.

Kuna sheria milimani ambayo sikuwahi kufundishwa. Kijana akikimbia, mwangalie. Mtoto akikimbia, mwite. Lakini mtu mnene akikimbia, usiulize. Patroni hakimbii mvua, hakimbii deni, hata kanisani huingia kwa kuchelewa. Patroni akionekana peke yake barabarani, bila gari, bila kofia, mdomo wazi na macho yametoka, basi alichokiona nyuma yake hakina dawa.

Mama mmoja wa mihogo alisimama. "Papa, iko nini?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nikainua mkono juu nikautikisa, kumaanisha: hakuna kitu, Mama, kaa tu. Yeye aliona mkono wa mtu anayesema: ondokeni.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Alikunja pembe nne za kikwembe chake na mihogo ikiwa ndani, akaweka kamba kwenye paji la uso, akaondoka. Aliyekuwa kando yake akafanya vilevile, na mwingine, mpaka soko zima likasimama kama mtu mmoja. Nilijaribu kusema. Nilisema "ma", nikakosa "zoezi". Walinipita wote: wazee, mbuzi, mtu wa chukudu, bibi mwenye fimbo, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na bidoni ya mafuta kichwani. Hofu ile niliianzisha mimi, na ndani yake pia nilikuwa wa mwisho.

Nilifika kanisani nikiwa nakimbia. Hakuna niliyemkuta. Meza ya mwalimu ilikuwepo, filimbi juu yake, jogoo amefungwa mguuni mwa meza, viatu vya mtu viwili vya upande mmoja. Wimbi la watu wa soko lilikuwa limewabeba waliokuwa wakisubiri, mshindi pamoja nao. Nikashika meza ili nisianguke.

Ndipo nilipomwona mama mwenye nyumba. Alikuwa anashuka kutoka mlimani, peke yake, dhidi ya watu wote waliokuwa wanapanda. Watoto alikuwa amewasukumia jirani. Alikuja mbio mpaka mezani, akanishika mkono, akaanza kunivuta.

"Hakuna kitu, Mama," nikasema pumzi iliporudi. "Ni mimi. Waliniona nakimbia."

Alibaki ameshika mkono wangu. Aliangalia barabara nyuma yangu, tupu mpaka sokoni. Aliangalia jogoo. Kisha akakaa chini ya meza, kwenye kivuli, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Mbona ulirudi?" nikamuuliza. "Hukujua hata kama nimefaulu ao nimeshindwa."

"Sikuangalia hiyo," akasema. "Niliona watu wote, wewe sikukuona."

Watu walirudi mchana uleule, wakiokota mihogo yao njiani. Kapita, msimamizi wa kijiji, aliniita mbele ya wazee, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, kisha akatoa amri: kuanzia siku ile mtu mnene hatakimbia Kingi bila mtu wa kumtangulia akipaza sauti kwamba ni mchezo. Nafikiri amri hiyo ilinihusu mimi peke yangu. Mwalimu alinihesabu wa mwisho, kwa haki. Wanawake wa shambani waliniita Papa Risasi.

Mama mwenye nyumba hakuninyima chakula wala hakurudia lile neno la kutafuta nyumba nyingine, na mimi nikaelewa kwamba hatalirudia kamwe. Angeendelea kunilisha, na siku moja angeshuka tena mlima ule, jambo likiwa si mchezo. Hata ningejifunza kukimbia mpaka mwisho wa dunia, yeye angetazama nyuma kwanza. Wiki ile nilimpalilia shamba lililobaki, nikamuaga. Alinifungia maharagwe kwenye kipande cha kikwembe. Watoto walinisindikiza mpaka kwenye mikaratusi, wakaniuliza kama nitaenda kwa kukimbia.

"Hapana," nikawaambia. "Watu watahama."

Nilielekea magharibi, kwenye njia nisizozijua. Majani ya ng'ombe yaliisha kidogo kidogo, miti ikaanza kukaribia barabara, tope likawa jekundu, na baada ya siku sita niliingia Buleusa, upande wa Walikale, nikiwa na matope mpaka kiunoni. Nyumba ya mwisho ya kijiji ilikuwa ya mkulima mmoja mzee, aliyekuwa akimenya mihogo na mke wake uani.

"Karibu, patroni," akasema.

"Aksanti, Papa. Lakini mi hapana patroni."

"Naona. Patroni hana matope namna ile."

Nikaona heri niseme yangu kabla sijaomba mkeka. "Papa, nikuambie mbele ya yote. Mi sikimbiake muzuri. Kama hapa mutu anarudilia mwenzake, nitaenda kulala kwingine."

Mzee akamtazama mke wake. Mke akaweka kisu chini. "Anasema nini huyu?"

"Anasema ni muzito."

"Hiyo tuliiona tangu kule kwa daraja."

Mzee akainuka, akanizungusha nyuma ya nyumba. Jiko lilikuwepo, migomba mitatu, na baada ya migomba, msitu. Haukuanza polepole kama vitu vingine. Ulisimama pale kama ukuta wa nyumba ya jirani.

"Sisi hatukimbiake mbali," akasema. "Mutu anaingia pale, ananyamaza, basi. Jaribu."

Nikauliza kama anataka sasa hivi. Alitaka sasa hivi. Nikaweka mzigo wangu mlangoni pa jiko, nikakimbia, nikihesabu kwa mazoea. Hatua thelathini na nane. Sikuwa hata nimeanza kuhema. Nikajibanza nyuma ya mti mkubwa wa kwanza, nikanyamaza.

"Tumbo iko inaonekana!" mke akapaza sauti kutoka migombani. "Ongeza mbili!"

Nikaongeza mbili. Kutoka mafichoni nikamsikia mzee akimwambia mkewe atandike mkeka karibu na mlango wa nyuma.