Mjukuu Wangu na Mteja Asiyealikwa

Atakayeniita mwongo asubiri kwanza nimalize, maana safari hii nina mashahidi watatu, na wote walivaa suti.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, hakulia alipozaliwa. Alipinga. Mkunga alimchapa kofi la matako, naye akamkazia macho kama anayeuliza, kwa kosa gani? Alipofika miaka saba alimtetea jogoo wa jirani aliyekuwa karibu kuchinjwa kwa kuwika mapema mno. Kesi akashinda, na jogoo yule akaishi miaka kumi na tisa, mpaka akaota mvi kidevuni. Nyumbani tunamwita Ngoja-Kwanza, kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba chakula kipo mezani, atakujibu, "Ngoja kwanza, bibi. Nani kasema?"

Mama yake ni muuguzi mji wa mbali, kwa hiyo nimemlea mimi. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo ya maziwa kichwani. Kusoma nimejifunza uzeeni, kwenye madaftari yake, ndiyo maana hata leo nikiandika barua ya salamu inaanza na "Jibu maswali yote". Yeye alisoma mpaka akaingia chuo kusomea sheria, na jioni akafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi mkabala na geti la chuo.

Pale kibandani ndipo alipowajua wenzake vizuri. Ubaoni pale chuoni hubandikwa matangazo ya nafasi: mafunzo mahakamani, kampuni ya mawakili inayotaka vijana wa miezi mitatu, ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo. Sasa mwanafunzi akiona tangazo zuri, analichana kimyakimya ili wengine wasilione, analikunja, analitia mfukoni, halafu analipeleka kutoa kopi. Kwa nani? Kwa mjukuu wangu, ambaye wamekaa naye dawati moja asubuhi!

Naye anatoa kopi mbili. Moja anampa mwenyewe, ya pili anairudisha ubaoni.

"Wewe una akili timamu?" nilimwuliza. "Umeletewa siri mpaka mkononi!"

"Tangazo ni la wote, bibi."

"Basi hata shindano litakuwa la wote."

"Ndiyo maana yake."

Mwaka wake wa mwisho likapita pale kibandani tangazo alilolingoja maisha yake yote. Kituo cha msaada wa kisheria kilitaka mhitimu mmoja wa kukaa nacho mwaka mzima. Analipwa posho, anafundishwa kazi na mawakili wazoefu, na kila siku anasikiliza watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Wenzake wengi walikuwa wanawazia maofisi ya vioo ghorofa ya kumi. Yeye alikitaka kile kituo mpaka akawa anakiota. Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu, na akiikosa, mjomba wake alikuwa amekwisha kumwandalia kiti kwenye duka lake la saruji. Hata mto wa kukalia ulikuwa umeshonwa.

Je, aliificha ile karatasi? Aliirudisha ubaoni na kuigongea pini nne.

Akaandika barua, akapata wadhamini wawili, akaandika insha ya ukurasa mmoja aliyonisomea mara arobaini mpaka mbuzi wetu akaikariri. Wakaomba watu mia na kitu. Wakachujwa, wakabaki wanne, mmoja wao Ngoja-Kwanza.

Siku ya usaili nilimsindikiza. Wale wanne waliwekwa chumba cha ndani, simu zikakusanywa. Mimi nikakaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa huruma. Nikanywa maji ya bure glasi tatu. Mara mlango ukafunguka, akachungulia katibu muhtasi, jasho linamtoka.

"Bibi, wewe ndiye mteja wetu wa majaribio?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Benchi zima lilikuwa langu.

"Ndiye," nikasema. Ulimi wangu una miguu, huwa unatangulia.

"Tumekungoja nusu saa! Hadithi yako unayo?"

"Mwanangu, ukiniondolea hadithi, hapa hubakizi kitu."

Njiani akanieleza. Kila kijana angekuja kunihoji kwa dakika kumi na tano kama mtu mwenye shida ya kisheria, huku wasaili watatu wakitazama. Wasaili wenyewe hawakuambiwa ni kesi gani, ili nao wasikie kama wageni. Nikaona mambo yamejipa. Zamu ya mjukuu wangu ikifika, nitamlainishia.

Ndani walikaa wale watatu wenye suti: jaji mstaafu, ambaye ni mama mwenye miwani ya mnyororo, pamoja na wakili mwenye upara na mwalimu wa chuo. Akaingia wa kwanza, kijana wa tai nyekundu.

"Mama, tatizo lako?"

"Mwenye nyumba amenifungia mlango kwa kufuli, baba. Ilikuwa siku ya..."

"Jibu kwa kifupi. Una mkataba, ndiyo au hapana?"

Akanikata kauli mara kumi na moja. Nilihesabu kwa vidole, nikaazima kimoja cha mguuni. Wa pili alikuwa binti mwenye kalamu tatu za rangi tatu, anaandika kila ninalosema, mpaka kikohozi. Mtu akiniandika napata moto, kwa hiyo kwake kufuli likawa makufuli saba. Wa tatu, kijana mpole, aliniuliza kwanza kama nimekula. Huyo nikamhurumia, nikampa kesi nono: kufuli kubwa mpaka likaletwa kwa lori, wakalishusha wanaume sita, na funguo yake inakaa benki. Wakili mwenye upara alikuwa anaandika huku amejiziba mdomo kwa leso.

Kisha akaingia Ngoja-Kwanza.

Akaniona. Nikamkonyeza.

"Dakika kumi na tano," alisema jaji. "Anza."

Kiti cha duka la saruji nilikiona mbele ya macho yangu, na nilijua naye anakiona. Alichotakiwa ni kusema tu, "Shikamoo mama, nikusaidie nini?" Mengine ningeyafanya mimi. Nilimwandalia kesi iliyonyooka, yenye risiti, tarehe na mashahidi. Akakaa. Akafungua daftari. Akalitazama kitambo, kisha akalifunga.

"Mheshimiwa, ngoja kwanza. Mteja huyu siwezi kumhoji. Ni bibi yangu, mzaa mama. Hapa kuna mgongano wa maslahi."

Hilo ni neno lao, wanasheria. Maana yake huwezi kumhudumia mtu kwa haki ikiwa mna lenu la pembeni.

"Bibi yako?" jaji akavua miwani.

"Ndiyo. Sijui amewaeleza nini wenzangu, lakini naomba wasipimwe kwa hayo. Nyumba anayokaa ni yake, hajawahi kupanga."

"Hata lile kufuli la lori?" akauliza mwenye upara, kwa masikitiko kabisa.

"Hasa hilo."

Jaji hakucheka. "Ulijua kwamba yuko hapa?"

"Nilijua yuko kwenye benchi. Humu ndani sikujua."

"Na wewe, bibi, nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu, mheshimiwa. Nilipoulizwa kama ni mimi, nikaona nitakuwa nimekosa adabu kukataa."

Wakaitwa wote wanne. Mteja wa kweli, mwalimu mstaafu, alikuwa amefika na faili lake la kijani, anashangaa kuambiwa kwamba amekwisha kuhojiwa mara tatu. Kijana wa tai nyekundu akapandisha sauti, "Mheshimiwa, huyu amepanga na bibi yake!"

"Angepanga, angekuja kutuambia?" jaji akamjibu. "Tunaanza upya. Na bibi apelekwe getini."

Nikakaa getini na mlinzi, saa mbili nzima. Nilimwambia kwamba nimewahi kuwa jaji. Alinipigia saluti.

Mjukuu wangu alipotoka, tukarudi. Nyumbani akaniadhibu kwa adhabu mbaya kuliko zote, heshima. "Bibi, karibu chai. Bibi, nikuongezee sukari?" Siku tatu, hakuna mzaha. Ya nne nikashindwa.

"Umenikasirikia?"

"Hapana, bibi." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Ngoja kwanza. Ndiyo. Nimekasirika sana."

"Nilitaka upate."

"Na mimi nilitaka nipate, bibi. Lakini nipate mimi."

Nikanyamaza. Waulize majirani, kuninyamazisha mimi ni kazi ya watu wanane. Nikamwomba radhi, bila chumvi wala sukari, naye akaniambia yameisha.

Siku ya sita tulikuwa uani, tunafua mashuka. Simu ikalia. Akaibana kati ya bega na sikio, mikono imejaa povu. "Ndiyo, mheshimiwa... Ndiyo... Naelewa." Mimi nilisuuza foronya moja mpaka ikakaribia kupotea. "Asante sana, mheshimiwa. Jumatatu."

"Ehe?"

"Nimepata."

Nilipiga kigelegele, nguo zikaanguka kutoka kwenye kamba za mtaa wa tatu.

"Ngoja kwanza," akasema, lakini meno yote yalikuwa nje. "Yule wa kalamu tatu alinizidi kwenye maandishi. Wamebishana nusu saa. Nimepita kwa wawili dhidi ya mmoja."

"Aliyekataa ni yule mwenye upara."

"Bibi! Umejuaje?"

"Alilipenda kufuli langu, wewe ukamwambia halipo."

Akacheka mpaka akaishiwa nguvu, akakaa chini kwenye maji. Kisha akainuka, akachukua ncha ya shuka kubwa, akanipa nyingine.

"Shika upande huo, bibi. Kaza."

Nikakaza, naye akakaza, tukalisokota shuka mpaka maji yakatumwagikia miguuni, na hakuna kati yetu aliyesogea.