Sauti Isiyo na Mdhamini

Watu wa mtaa wa Galbet walimwamini Hadiyo kwa sababu hakuwa mwepesi wa kukubali. Kibandani mwake mlikuwa na taar, ile redio ya kuitana, na miaka ile Somalia ilipovunjika, waliopotezana walikuwa na hiyo tu. Kanuni yake moja: sauti itaje kwanza baba na babu zake mpaka mwisho, kisha mwenye redio wa huko aidhamini, aseme, "Nimemwona, amekaa mbele yangu." Hewani uso hauonekani.

Alasiri moja Lul alikuwa pale akinywa chai, ngamia kafungwa nje. Ngamia huyo alikuwa wa mwanawe, Abdille, aliyepotelea huko Buna mwaka wa ukame. Mara redio ikakohoa.

"Galbet, Galbet. Niitieni mama yangu, Lul."

Chai ikamwagika.

"Taja watu wako," Hadiyo akasema.

Sauti ikataja, babu kwa babu, bila kukosea, na bila kuvuta pumzi hata mara moja.

"Warfa wa Buna, unamdhamini huyu?"

Warfa, mwenye redio wa huko, akajibu kwa kicheko cha woga. "Hadiyo walaal, dada yangu, mimi niko peke yangu hapa. Namsikia kama unavyomsikia."

"Hooyo, mama," sauti ikasema, "njoo kisimani tulipoachana."

Lul alikwisha kujifunga shuka. Ng'ambo ya barabara lori la Wajir, njia ya Buna, lilikuwa linapakia.

"Ni mwanangu! We mwanamke, sema ndiyo nipande!"

Hadiyo akasita. Kila mchungaji ana mwito wake, na ngamia haitikii wa mwingine. Akaiambia sauti, "Mwite ngamia wako."

Mwito ukaja, mrefu, wenye upepo ndani yake. Nje ngamia akainuka, akaja mpaka kamba ikakaza, akaingiza kichwa mlangoni. Redio hakuiangalia. Alikuwa anakitazama kigoda kitupu kando ya Lul.

"Umeona?" Lul akanong'ona. "Ameitika."

"Ameitika, eeddo, shangazi yangu. Lakini hakuiangalia sauti ya Buna. Amekiangalia kigoda."

Lul akageuka taratibu, akakitazama kile kigoda. Lori likapiga honi, likaondoka. Yeye akaketi, akamimina chai kikombe kingine, akakiweka pale.

Hadiyo akawaambia wote hewani: "Sauti hii haina mdhamini. Mtu asiende kisimani."

Redio ikanyamaza. Kikombe kilikuwa bado kinafuka moshi. Kisha moshi ukainama upande mmoja, kama uliopulizwa na mtu anayepoza chai yake.