Gogo la Mkorosho Chini ya Basi

Hebu mwone Cuthbert anavyoshuka pale stendi ya Masasi, mwaka tisini na saba. Miwani myeusi, spana tatu zimechomoza mfukoni kama kalamu za karani, na ovaroli nyeupe iliyopigwa pasi. Nyeupe, ndugu zangu, ya fundi magari. Huyu ni mtu wa Lulindi, tunamjua tangu anachunga mbuzi wa mjomba wake. Alikwenda Dar akaosha magari miaka miwili, akaturudia injinia. Na miaka ile milango ya biashara ilikuwa wazi: mwenye vijisenti alinunua basi chakavu la ng'ambo, mwenye spana akajiita fundi.

Alikuwa ameitwa kwa ajili ya basi la tajiri Abdulkadiri, la Masasi kwenda Newala. Basi hilo halikuwa na springi za chuma tulizozizoea. Lilikalia maputo manene ya mpira yaliyojazwa upepo. Paipu ya kupeleka upepo kwenye puto la nyuma ilikuwa imekakamaa kwa joto la ekzosi, ikapata ufa unaovuja. Injini ikiunguruma, basi linainuka. Ikizimwa, linainama kama mtu mwenye jipu.

Nathanaeli, ambaye sisi tunamwita Baba Salome, alikuwepo. Ufundi alijifunzia karakana za misheni ya Ndanda, na kila alikokwenda alibeba magogo yake mawili ya mninga, meusi kwa grisi. Alimweleza kijana taratibu: zima injini, funguo uzitie mfukoni mwako mwenyewe, upepo wote utoke kwenye tangi, liinue kwa jeki, chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, ikae juu ya magogo, ndipo uguse nati ya paipu.

Cuthbert hakuwa hata amemwamkia. Mtu wa umri wa baba yake.

"Mzee," akasema, "hayo ni mambo ya matrekta ya misheni. Hili ni gari la upepo."

Akaiacha injini inaunguruma ili basi lisimame juu, apate nafasi ya kuingia. Magogo ya mninga akayakataa kwa sababu yangemchafulia ovaroli. Akataka kitu chepesi, akaletewa kipande cha mkorosho kilichokatwa shambani jirani. Mkorosho! Mti ambao tawi lake huvunjika kwa uzito wa matunda yake mwenyewe, na hata mlevi wa kwetu haegemei. Yeye, aliyezaliwa kati ya mikorosho, akaupachika chini ya basi.

"Mkorosho unazaa, haubebi," akasema Baba Salome. Injinia alipogeuka kuwaeleza abiria namna Dar wanavyofanya, mzee aliinama akasukuma magogo yake chini ya chesisi, kulia na kushoto. Kisha Cuthbert akajilaza chali, akajiburuta mpaka kifua kikawa chini ya chuma, akalegeza nati.

Upepo ukatoka kwa msonyo mmoja mrefu. Basi likashuka kama fahali anayelala. Mkorosho ukakatika kama muhogo mkavu. Chuma kikaja kusimama juu ya mninga, vidole vinne kutoka kifua cha mtu.

Tukainama wote kuchungulia. Halafu sauti ndogo ikatoka kule chini:

"Shikamoo, Baba Salome."

"Marahaba, mwanangu. Usitikisike."

Alipotolewa, kazi ikafanywa na mwenye kazi. Paipu mpya Cuthbert alikuwa ameshaikata mshazari kwa panga. Mzee akainyoosha ncha kwa wembe, akaipitisha mbali na ekzosi, akaifunga, akajaza upepo na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Hakikutoka kipovu hata kimoja.

Basi lilipopanda Newala, nani alikaa mbele pembeni ya dereva? Ovaroli sasa nyekundu kwa udongo wetu, anawasimulia abiria jinsi alivyochagua magogo ya mninga kwa jicho lake. Na tajiri, aliyeshuhudia yote kwa macho mawili, wiki ile ile akamkabidhi kijana basi lake la pili alitengeneze, akisema Baba Salome ni mzuri ila anachelewesha safari na magogo yake.

Basi hilo lilijaa siku ya kwanza, na waliolijaza ni sisi tuliosikia ile shikamoo. Niambie basi, wewe unayenisoma: dharau yote hii tumwachie Cuthbert peke yake?