Nyota ya Kopo la Mafuta

Aikande alikulia Same, akasoma mpaka kidato cha sita, na katika mtihani wa Kiswahili hakuna aliyemfikia. Halafu akaolewa Kingstanding, huku Birmingham, kwenye nyumba ambayo Kiswahili hichohicho kilimgeuka. Mumewe Valère na mama mkwe wake, Mama Roselyne, ni watu wa Uvira, Kongo, waliopitia kambi ya wakimbizi kule Kigoma kabla ya kuletwa Uingereza. Wiki ya kwanza tu mama mkwe alimwambia, "Binti, tosha uchafu." Aikande akaenda jikoni, akachungulia mfuko wa taka, akarudi na adabu zake zote: "Bado haujatosha, Mama. Haujajaa hata nusu."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe kwao kutosha ni kutoa. Valère aliisimulia hadithi ile kanisani, harusini, popote alipopata watu wawili, na Aikande akalishika neno kuliko wenyewe. Uchafu unatoshwa nje. Viatu vinatoshwa mlangoni. Nguo za Jumapili zinatoshwa sandukuni zivaliwe.

Sasa hiyo nyota. Kila Desemba kona ya sebule ilikuwa ya Mama Roselyne, na ole wake atakayeigusa. Hapo alipanga pango la Noeli la udongo, ambalo Maria wake amevunjika pua, maua ya plastiki ya ubatizo wa mjukuu wake Sifa, binti wa Aikande, na riboni za zawadi za miaka yote, zimepigwa pasi. Juu ya vyote, kwenye msumari wake, ilikaa nyota iliyokatwa kwenye kopo la mafuta ya msaada. Aliikata Hugues, mdogo wake Valère, kule kambini, Noeli ya mwisho kabla malaria haijamchukua. Picha yake hawana hata moja. Nyota yenyewe ilishaota kutu na ncha moja imepinda. Mama Roselyne aliitoa kabatini kwa mkono wake, akaifuta, akaitundika, kisha akalia. Kila mwaka, watu wako mezani na wali unapoa.

Tusimpambe Aikande: aliichukia nyota ile. Alikichoka kile kilio. Na mwaka jana ilipomkata Sifa kidole mpaka mtoto akachomwa sindano ya pepopunda, aliichukia zaidi, ila mdomoni hakulitamka hilo.

Mwaka huu Mama Roselyne akalazwa, mapafu. Siku alipopiga simu, Aikande alikuwa kazini kwake, jikoni kwenye mkahawa mmoja wa Moseley, mikono ina povu na simu ameibana begani.

"Mama Sifa, daktari ananiachilia posho," alisema mgonjwa, na posho kwao ni Jumamosi. "Ile nyota ya Hugues, muitoshe mbele nifike." Yaani kabla hajafika.

Moyo wa Aikande ukaruka. Akajiambia kwamba mama amelala kitandani, amewaza, ameamua kupumzika na msiba wake. Zile nguo za sandukuni zilimpitia kichwani, hilo hawezi kulikana. Kidogo aulize tena. Hakuuliza, kwa sababu jibu alilokuwa nalo lilimfaa.

Tangu mgomo wa wazoa taka uanze, makopo na karatasi yamejaa mapipani hayana wa kuyabeba. Kwa hiyo asubuhi aliiweka nyota kwenye ukuta mfupi wa mbele, pamoja na pasi mbovu na sufuria iliyotoboka, ichukuliwe na wale wanaozunguka mitaani kuokota vyuma chakavu. Aliporudi kutoka kazini haikuwepo. Alisikia wepesi, tena wepesi mtamu, na jioni ile aliimba akipika.

Jumamosi Valère alimshusha mama yake mlangoni akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Mama Roselyne aliingia na mkongojo wake, koti bado mwilini, moja kwa moja mpaka kwenye kona yake. Pango lilikuwa limepangwa, maua pia, na riboni. Akautazama msumari.

"Nyota mulitosha?"

"Nimeitosha, Mama."

"Basi iko wapi? Siioni."

"Si ulisema niitoshe? Nimeitoa na takataka. Watu wa vyuma wameshaichukua."

Mama Roselyne alikitafuta kiti kwa mkono kabla ya kukaa. "Kuitosha mu kabati," alisema polepole. "Kuitosha mu kabati, tuitundike."

Aikande alitoka mbio na ndara zake mpaka kona ya barabara, akasimama pale kama vile kuna gari la kulikimbiza. Alimkuta Valère anafunga mlango wa gari, akamweleza palepale. Valère hakufoka. Aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama yake na kuuficha uso kwenye koti lake, mabega yakitikisika. Aikande hakuwahi kumwona mumewe hivyo, na aliogopa.

Aliyesema kwanza ni mama mkwe. Alinyoosha mkono akamshika Aikande. "Ni neno, Mama Sifa. Kama siku ile ya uchafu. Ni Kiswahili yetu imetukosesha, si wewe. Usilie."

Basi hapo pa kutokea palikuwapo, tena pamefunguliwa na mwenye msiba mwenyewe. Hata Valère aliinua uso akingoja mkewe akubali. Aikande aliwaza hadithi hii ikisimuliwa kanisani baada ya ile ya mfuko wa taka, watu wakimpa pole, naye akiipokea, Noeli baada ya Noeli. Alishindwa.

"Si neno, Mama," alisema. "Neno nililijua pande zote mbili. Nilichagua upande nilioutaka. Nilikuwa siitaki nyota ile ukutani."

Mama Roselyne hakupiga kelele. Aliuondoa mkono wake taratibu, akauweka mapajani, akautazama ukuta.

"Basi na ile musumari," alisema, "uitoshe."

Safari hii Aikande aliuliza. "Niung'oe, Mama?"

"Uing'oe."