Jini Mwenye Hilali Kifuani

Nyayo nilizozikuta nyuma ya stoo ya tende zilikuwa za mtu. Peku. Kisigino, vidole vitano, kila kitu mahali pake.

Ila mbele ya kila kidole palikuwa na tundu la ukucha.

Nilisimama pale na kikombe cha kahawa mkononi mpaka kahawa ikapoa. Mlango wa bati wa stoo ulikuwa umekunjwa kama karatasi, na gunia zima la tende limesambaratishwa chini.

Naitwa Loai. Mimi ni mtu wa ofisini, Maskati ya zamani kule, kazi yangu mafaili na kiyoyozi. Mambo ya nyayo siyajui.

Shamba lenyewe aliliacha marehemu baba, nje kidogo ya mji wa Al Amerat, hapa Omani, nyuma ya vilima. Mama yangu, Bi Mahfoudha, mzaliwa wa Unguja, alikataa katakata kukaa fleti. Kwa hiyo tunaishi shamba: mimi, yeye, na Nabatanzi, dada wa Kiganda anayemsaidia kazi za nyumba. Mke sina, msiniulize.

Nikamwita Mama aje aone. Akaziangalia zile nyayo kwa utulivu kama anaangalia unga uliomwagika.

"Nlimwona jana," akasema.

"Ulimwona nani?"

"Mwenye nyayo. Magharibi, nnatia udhu. Kasimama pale wima kama mtu, mweusi tititi, kajaa manyoya. Na hapa kifuani ana hilali nyeupe." Akaichora kwa kidole kifuani pake.

Nikamgeukia.

"Mama, uliona hivyo na hukuniambia?"

"Nkwambie ili iweje? Weye mwoga toka mdogo. Jini huyo, mwanangu. Na kwa hilali ile, jini Muislamu. Hana ubaya ukimpa heshima yake."

Nabatanzi alikuwa nyuma yetu na ufagio. Akaanza kurudi nyuma.

"Boss, mimi hiyo kitu naikemea kwa jina la Yesu," akasema. "Lakini nitaikemea nikiwa ndani."

Akaingia jikoni akapiga komeo.

Msicheke. Mtu uliyelelewa na bibi anayeacha kumwaga maji ya moto uani kwa kuogopa kumuunguza mtoto wa jini, ukizikuta nyayo zile asubuhi huna ubavu wa kubisha. Mimi na digrii yangu nilikwenda kuziokota tende.

Magharibi ile Mama akaandaa chano. Halwa, mayai, tende, kisahani cha asali, na chetezo cha ubani pembeni. Akakiweka karibu na stoo, akasema maneno yake, akarudi ndani.

Asubuhi chano kilikuwa cheupe. Kimelambwa mpaka mbao inang'aa. Hata maganda ya mayai hayakubaki.

Mama akafurahi. "Umeona? Kapokea."

Mimi sikufurahi. Kwa sababu niliziona nyayo nyingine, na hizi hazikuishia stoo. Zilikuwa zimekuja mpaka kwenye tangi la maji.

Akaandaa tena. Na tena. Kila tukiamka zile nyayo zimesogea. Zikapita tangi. Zikapita kamba ya kuanikia nguo. Siku moja zikawa chini ya dirisha langu, na kwenye kioo palikuwa na ukungu wa mafuta, kama mtu kaweka pua akichungulia.

Nilikuwa nimelala upande wa pili wa kioo kile, jamani.

Nikamwomba Mama tuhamie mjini hata wiki moja. Akaniangalia kwa huruma.

"Mgeni hakimbiwi, baba."

Sasa, tuna jirani. Mzee Humaid, shamba lake liko ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu linalopita katikati yetu. Naye kwao Unguja, kwa hiyo yeye na Mama wakikaa ni Kiswahili na kahawa mpaka adhana. Akaja kutujulia hali, Mama akamsimulia yote.

Alipofika kwenye hilali, Mzee Humaid akakirudisha kikombe mezani kabla hajanywa. Nikasema moyoni kumbe hata mzee huyu anaogopa.

"Mmemwambia mtu?" akauliza.

"Bado," nikajibu. "Nataka niwapigie watu wa serikali, waje waangalie."

"Hapana!" Akasema kwa ukali, halafu akashusha sauti. "Hapana, mwanangu. Viumbe hao ukiwaletea askari na bunduki unajitafutia balaa. Mpeni chakula. Akishiba atakwenda zake. Ama vipi, Bi Mahfoudha?"

"Ndivyo nnavyomwambia huyu," Mama akasema.

Alasiri ileile Mzee Humaid akarudi na kopo kubwa la asali. Asali safi ya milimani, ile ambayo watu hapa wanaificha hata ndugu zao.

"Wanapenda sana asali hawa," akasema.

Nikamshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono miwili, nikamwombea dua.

Baada ya hapo nikawa naishi kwa hofu tupu. Nikiwa ofisini nampigia Nabatanzi kila mara: Mama yuko wapi, mlango umefungwa? Mama mwenyewe ndiyo kwanza anapendeza. Chano sasa anakiweka barazani, hatua chache kutoka mlangoni, ili mgeni asisumbuke.

Siku ya mambo yenyewe nilitoka kazini nimechelewa. Nimevuka vilima jua linataka kuzama, nikafika getini, na kabla sijashuka kufungua nikaona rundo jeusi katikati ya njia.

Kinyesi. Kikubwa, kimejaa kokwa za tende.

Nikakaa garini nikikitazama. Jini gani anakunya kokwa za tende?

Nikanyanyua macho, na ndipo nikamwona. Alikuwa ndani ya shamba, karibu na mitende, anatembea kwa miguu minne, taratibu, kichwa chini, mabega yanapanda na kushuka. Mnyama. Jasho jembamba likanitoka na kiyoyozi kinapuliza.

Nikampiga picha, nikamtumia Bashayer. Huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo, daktari wa wanyama. Simu ikalia papo hapo.

"Loai, uko ndani ya gari?"

"Ndiyo."

"Usishuke. Huyo ni dubu. Dubu mweusi wa Asia, wana alama ile ya mwezi kifuani. Huku kwetu hawapo porini, huyo katoroka kwa mtu aliyemfuga. Mnampa chakula?"

Nikatazama tena zile kokwa za tende.

"Loai. Mnampa chakula?"

"Halwa," nikasema. "Mayai. Na asali."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi hana woga na nyinyi tena. Kwake hiyo nyumba ni jiko lake. Nawapigia watu wa wanyamapori sasa hivi. Mtu asitoke nje. Na mkikutana naye msikimbie, hakuna binadamu anayemshinda mbio. Msimpe mgongo. Mrudi kinyumenyume, polepole, mnaongea kwa sauti ya chini. Chakula mwachieni. Mama mkubwa yuko wapi?"

Adhana ya magharibi ikaanza.

Na mlango wa nyumba ukafunguka. Mama akatoka barazani, kanga kichwani, chano mikononi.

Nilitaka kupiga honi, nikaogopa dubu atashtuka amrukie. Nikashuka. Sijui nilishukaje. Nikapita mlango mdogo wa geti, nikasogea nikiambaa ukuta.

Dubu alikuwa ameshafika chini ya baraza. Akasimama kwa miguu miwili. Wallahi alikuwa mrefu kuliko mimi, na ile hilali kifuani nyeupe pe.

"Karibu, bwana," Mama akamwambia. "Leo asali ni ya jirani."

"Mama," nikaita kwa sauti ya chini. "Weka chano chini, urudi ndani."

Hakugeuka. "Usinipigie kelele mbele ya mgeni."

Dubu akapanda ngazi ya kwanza. Pua yake ilikuwa inafuata chano, na chano kilikuwa kwenye kifua cha mama yangu. Nikaona kabisa kwamba nikimwambia ni dubu atashtuka, atageuka, atakimbia. Na akikimbia nimempoteza.

Nikasema uongo.

"Mama, nimeulizia kwa wanaojua. Jini Muislamu hapewi chakula mkononi, anawekewa chini. Na hapewi mgongo. Ukimpa mgongo umemdharau."

Akafikiri kidogo.

"Hilo kweli," akasema.

Akainama, akaweka chano, akaanza kurudi kinyumenyume, pole kwa pole, huku anasoma Ayatul Kursiyy kwa sauti ya chini. Daktari wa wanyama asingefanya vizuri zaidi.

Dubu akazamisha uso kwenye asali.

Mama alikuwa amebakiza hatua moja kufika ndani. Kisigino chake kikagonga kizingiti, akaanguka kitako, puu! Dubu akainua kichwa. Akakiacha chano, akaanza kumfuata.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Hakunisikiliza hata kidogo. Alishafika miguuni kwa Mama, ananusa pindo la nguo yake, makucha yako juu ya sakafu karibu na goti lake, na mimi niko mbali, sina hata fimbo.

"Antar!"

Sauti ilitoka getini. Dubu akageuza masikio.

"Antar! Taal, habibi. Njoo!"

Mzee Humaid alikuwa amesimama getini na ndoo ya matofaa na kamba, machozi yanamtoka. Na yule dubu, wallahi, akageuka kumtazama kama mtoto aliyeitwa na baba yake.

Nabatanzi, yule wa kukemea akiwa ndani, akachomoka mlangoni, akamshika Mama makwapani, akamburura ndani na kupiga komeo. Mungu ambariki dada yule.

Watu wa wanyamapori walipofika walimkuta dubu anakula matofaa miguuni kwa mwenyewe. Wakampiga sindano ya usingizi kwa mbali, akalala. Mzee Humaid akamwekea kichwa juu ya kilemba chake ili kisiguse mawe.

Akasema yote bila kuulizwa. Alimnunua dubu kwa magendo angali kitoto, akamfuga kwa siri, mpaka dubu akavunja banda akatoroka. Mzee akaogopa kushtakiwa. Tulipomsimulia habari ya jini akaona hapo ndipo pa kujificha: dubu atulie kwetu, anakula, mpaka yeye apate njia ya kumnasa kimyakimya, na jioni ile ndiyo alikuwa amekuja kujaribu. Asali ile ilikuwa chambo. Na aliyewekwa kuishika alikuwa mama yangu.

Niliingia ndani. Mama yuko kwenye godoro, anakunywa maji, kama kawaida yake.

"Kumbe jini lina mwenyewe," akasema. "Humaid anafuga majini?"

"Si jini, Mama. Ni dubu. Mnyama."

Glasi ikamponyoka. Akaanza kutetemeka mwili mzima, mpaka Nabatanzi na mimi tukamkumbatia kwa pamoja.

"Jini nlikuwa nna maneno ya kumwambia," akasema huku analia. "Mnyama ningemwambia nini, Loai? Ningemwambia nini mie?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama yangu anaogopa.

Mzee Humaid kesi yake inaendelea. Kabla kesi haijaanza alikuja kuomba radhi, Mama akakataa kufungua mlango. Akazungumza naye kupitia dirishani.

"Humaid, yule alikuja kwangu kwa njaa. Weye ulikuja kwa nini?"

Mzee akageuka, akarudi kwake.

Sasa nyinyi mnaosoma. Kama mnaishi mashamba, fungeni chakula na takataka, wala msilishe kitu msichokijua kwa kudhani mtakituliza, maana mnakifundisha njia ya mlangoni kwenu. Mkikutana nacho msikimbie.

Na wewe uliyefuga kitu kinachoweza kuua, siku kikitoka sema siku hiyohiyo. Piga kelele, gonga milango, uaibike. Aibu yako yote haifiki thamani ya mama wa mtu.