Kerana Ashuka kwa Mdogo Wake

Jirani yangu Kerana alikuwa mwanamke wa kazi na wa maneno. Alifuma mablanketi ya sufu yaliyopasha joto nusu ya kijiji chetu hapa katika milima ya Rodopi, akamzika mume, akalea wana, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "nimekosea." Mkate ukiungua, kuni ndizo mbaya. Kondoo akipotea, mbwa ndiye mzembe. Tulimcheka, lakini tulimpenda, maana ukiugua ndiye wa kwanza kukubishia hodi na bakuli la supu.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo hatukulicheka. Katika usichana wao, mdogo wake Velika alichumbiwa na Desho, mchungaji wa kondoo mwenye sura na tabia. Mama yake Desho akamwuliza Kerana kama bibi arusi ana afya njema. Kerana akajibu kuwa ana kifafa. Uongo mtupu! Uchumba ukavunjika, na Velika hakuolewa maisha yake yote. Ukimgusia Kerana habari hiyo, alikuja juu: "Si yule mama ndiye aliyeniuliza?"

Kwetu, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima watu huombana msamaha, na mdogo ndiye humwendea mkubwa. Basi kila mwaka Velika alipanda kilima na haluwa yake, akaubusu mkono wa dada yake, akaomba radhi yeye aliyekosewa. Kerana alipokea kama haki yake. Mimi nilikuwa naona hasira hadi haluwa nikikaribishwa naikataa.

Mwaka huu Velika hakupanda. Alikuwa kitandani, na daktari alikwisha kutuambia tusitarajie kumwona akifika Pasaka.

Asubuhi ile kanisani padri alisoma, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, habari za Adamu kufukuzwa bustanini. "Tunda walikula wawili," akasema, "lakini Mungu alipouliza, Adamu alimsukumia mkewe, na mke akamsukumia nyoka. Nani kati yetu hajawahi kutafuta nyoka wake?" Kerana aliinamisha kichwa. Nilidhani amesinzia.

Mchana akanigongea mlango, haluwa kwapani.

"Nishike mkono, shoga. Tunashuka kwa Velika."

"Mkubwa kumwendea mdogo? Watu watasema!"

"Waseme. Midomo ni yao."

Njia ilikuwa barafu tupu. Mzee Mitro alituona kutoka barazani kwake.

"Kerana! Siku hizi wewe ndiye mdogo?"

"Nyamaza, beberu wee! Mkeo umemwomba radhi?"

Mitro akaingia ndani.

Velika alikuwa amelala karibu na jiko, amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki yake.

"Dada, umepotea njia?"

Kerana akapiga magoti sakafuni kwa shida. "Nisamehe, Velika. Yule mama yake Desho aliponiu..." Niliogopa atarudi kwenye kisingizio kile kile. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Hapana. Ni mimi. Niliwaona wewe na Desho mkicheka kisimani, nikaona wivu, nikakuzulia ugonjwa. Hakuna aliyenituma."

Velika alimtazama, kisha akatamka jibu ambalo siku hiyo hakuna Mkristo anayeruhusiwa kumnyima mwenzake: "Mungu amekusamehe."

Kerana alishusha pumzi, akashika ukingo wa kitanda ili ainuke. Velika akamkamata mkono.

"Hilo ni la Mungu. Mimi bado. Nilikuwa nimekwisha kuchagua majina ya watoto, dada. Hujapata kuniuliza. Kaa nikutajie."

Kerana akakaa pale pale sakafuni, akasikiliza jina moja baada ya jingine, na kila moja akalirudia kwa sauti.