Paka Aliyelipukiwa na Baruti

Harufu ya kitambaa kipya, ile ya wanga na rangi iliyokolea, hunirudisha Zhongda, soko la vitambaa kule China, kwenye duka la majora la mama yake rafiki yangu Meiling. Mama yangu alikuwa akinunua vitambaa vya kupeleka Kariakoo, na shule zikifungwa nilishinda naye sokoni. Yeye akibishana bei, mimi na Meiling tulipanda juu ya majora kutazama katuni za zamani kwenye televisheni ndogo iliyokaa kando ya birika la chai. Ninyi mliozitazama mnazijua: paka anamfukuza panya, anajibamiza ukutani, anakuwa bapa kama chapati, kisha anainuka mzima. Hazikuhitaji lugha, na Kichina changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji tu.

Siku moja baruti ikamlipukia paka. Moshi ulipotawanyika, uso wake ulikuwa mweusi tii, midomo imevimba, nywele zimesimama vifundovifundo. Watoto wa maduka ya jirani wakaangua kicheko, kisha wakageuka kunitazama. Mvulana mmoja akaninyooshea kidole. "Ni wewe," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Nami nikacheka, maana kila mtu alikuwa anacheka.

Jioni Mama alinikuta bafuni nikijisugua uso kwa dodoki.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natoa baruti."

Hakunikaripia. Alininyang'anya dodoki taratibu, akanipaka mafuta uso mzima, hata kwenye kope.

Kesho yake aliacha mazungumzo ya bei katikati, akavua viatu, akapanda juu ya majora pamoja nasi. Mama alikuwa mnene, na majora yalilalamika. Alitazama katuni mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akaomba mkasi na vipande vya kitambaa, akashona msichana wa satini ya kahawia mwenye nywele za uzi. Mama yake Meiling akamtia macho ya vifungo. Mama akamchezesha juu ya meza: msichana akateleza kwenye ganda la ndizi, akamkimbiza paka, akapigwa na mlango, akainuka akifoka kwa Kiswahili cha Ilala. Watoto hawakuelewa neno, lakini walicheka hadi machozi. Yule mvulana akasema, "Sasa zamu yangu kuwa yeye."

Miaka yote nilidhani Mama alikuwa anacheza tu. Nimeelewa baada ya kupata binti yangu. Angeweza kuzima televisheni, au kumgombeza mtoto wa watu. Alichotaka ni nisikiogope kicheko.

Na siku hizi nakumbuka jambo jingine. Sokoni watu walikuwa wakimshika Mama mkono, wakausugua kidogo kwa dole gumba, kisha wakalitazama hilo dole kama limeshika rangi. Yeye alitabasamu na kuendelea kuuliza bei. Mimi nilidhani ndivyo wanavyosalimiana huku. Mama alijua, na aliwaachia mkono wausugue.